Shelisheli, Wawili au Watatu

Jumapili, 4 Mei 2025
Nimerudi kutoka Njombe, baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa. Tumekubaliana na Scola, kwenye kibanda chake cha ushonaji: Shelisheli, siku nne, mwezi wa nane. Viza haihitajiki. Mzigo ni tiketi — karibu milioni mbili kila mtu. Chumba tutachangia, chakula tutapika wenyewe. Nimepanga bajeti kwa safu: nauli mpaka Dar, ndege, kulala, kula, dharura. Scola kacheka. Kasema siku nikifa nitamdai Mtakatifu Petro risiti.

Halafu kasema chumba kiwe cha vitanda vitatu. Nikamwambia ni ghali. Kasema chumba kikubwa kina hewa. Nimeandika viwili.

Jumamosi, 17 Mei
Nimepita kwa Bonaventura, anayekata tiketi za ndege hapa Makambako, jirani na duka letu la pembejeo. Kanipa bei ya watu watatu. Nikasema tuko wawili. "Mwenzako wa Njombe kapiga simu, dada. Kasema watatu."

Nikampigia Scola palepale. Wa tatu ni nani? Cherehani yake ikasimama. "Wifi, unamjua."

Silvanus. Kaka yangu. Alikuwa amuoe Scola mwaka ule ule alioshuka ziwani kununua dagaa, mtumbwi ukapinduka. Miaka saba. Wenzake walipatikana, yeye, Nyasa haikumrudisha. Alikuwa amemwahidi kumpeleka akaone bahari.

Nikamuuliza Scola kama pasipoti yake imetoka. Mimi ndivyo nilivyo.

Jumanne, 3 Juni
Mama kapiga simu kutoka Lugarawa. Habari za safari zimemfikia, sijui kwa nani. Hataki nivuke maji wakati mwanawe yumo majini na hana kaburi. Nikasema mama, lile ni ziwa, kule ni bahari.

"Maji ni maji, Fidelia."

Ukoo umekaa. Watazika mgomba mahali pake, kama wazee wetu walivyomfanyia mtu asiyeonekana, kisha matanga yaishe. Jumamosi, tarehe 28. Katekista kasema ataongoza rozari, ila asihusishwe na mgomba. Na Scola lazima awepo. Baba mdogo Alois anasema bila mchumba wake, marehemu ataona amezikwa kwa siri.

Jumapili, 15 Juni
Nimemwambia Scola. Alikuwa anapiga pasi gauni la mteja, hakuinua uso.

"Mkimzika, akija atafikia wapi?"

Nikauliza, kwani anakuja? Kasema anakuja. Siku za sakitu, umande ukiganda. Anakaa kwenye stuli ya wateja, nguo zimelowa, anauliza habari za watu. Habari zangu pia.

Niligusa ile stuli. Ilikuwa na unyevu. Lakini Njombe mwezi wa sita kila kitu kina unyevu, hata mkate.

Nimerudi Makambako na hasira. Njiani nilidhani ni huruma kwa Scola. Siyo. Miaka saba hajanijia mimi hata mara moja. Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka darasa la tatu.

Jumatano, 25 Juni
Bonaventura anataka majina na hela Jumatatu, baada ya hapo bei inapanda. Nimempigia Scola. Atakuja kwenye maziko kwa sharti moja: aachwe ndani na mgomba, peke yake, mlango umefungwa. Atamuuliza Silvanus mwenyewe. Akikubali kulala, tunakwenda Shelisheli wawili. Akikataa, Scola hatupi udongo kaburini wala haendi popote.

Nikasema mgomba hauulizwi kitu.

"Basi mnauzika wa nini?"

Ijumaa, 27 Juni. Lugarawa
Mgomba umeletwa kutoka bondeni. Scola kafika na suti ya kijivu aliyomshonea Silvanus ya harusi, futi ya ushonaji iko shingoni. Kapima shina, juu mpaka chini, kisha unene.

"Baba mdogo, huyu siye. Mfupi huyu."

Mtu mmoja akacheka, hakuna aliyemfuata. Vijana wamerudi bondeni na panga. Wa pili suti imeukaa sawasawa. Mama alipouona umevaa, katoka nje, kakaa chini kwenye majani, hataki kuinuliwa.

Jumamosi, 28 Juni
Naandika kwenye benchi, nje ya mlango. Kaburi liko tayari. Scola yuko ndani tangu rozari ilipoisha. Nasikia sauti yake, ya chini, ya kawaida kabisa. Anaeleza nauli. Anaeleza chumba, kwamba tutapika wenyewe. Bajeti yangu yote ameishika kichwani. Anauliza jambo, kisha ananyamaza. Kimya cha mtu anayesikiliza.

Mama kaniuliza anasema nini. Nimesema anasali.

Baba mdogo kaja mara mbili. "Fidelia mwanangu, gonga. Watu wana njaa. Maiti haiwezi —" Akakatiza. Kaangalia jembe lake.

Nimesimama. Daftari nimeliegemeza kwenye fremu ya mlango.

Sasa anacheka. Kicheko chake cha zamani, cha mtu aliyetaniwa. Sijakisikia tangu mwaka ule. Mtu hawezi kujitania mwenyewe akacheka hivyo.

Baba mdogo yuko nyuma yangu, anasema gonga. Nikigonga, kutanyamaza huko ndani. Nimemwonyesha mkono asubiri. Sikio langu liko kwenye ubao. Scola kaacha kucheka, kauliza, "Na Fidelia je?"

Sasa kimya. Naomba watu wasikohoe