Ngoma au Begena

Jumatatu, 27 Yekatit

Kwaresima imeanza. Ngoma za kanisa zimefungiwa stoo hadi Pasaka, kama kila mwaka. Na piano yangu je? Mama Mkuu wa monasteri alinishika mlangoni. Inapigwa, haipigwi? Inapigwa, Mama. Basi hiyo ni ngoma, funga! Ufunguo akautia mfukoni. Siku hamsini na tano! Na arobaini ya kaka yangu Yilma ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mama yangu mzazi anatoka Debre Birhan kuja kuusikia wimbo ninaomtungia marehemu, nao haujaisha. Nina hasira, na mfungo ndiyo kwanza siku ya kwanza.

Jumatano, 29 Yekatit

Natunga juu ya meza ya jikoni, nikichambua dengu. Vidole vinakwenda, sauti hakuna. Emahoy Tsehaynesh, sista mpishi wetu, ananitania: meza ikianza kuimba, dada, uniite! Nikacheka. Nilipomaliza kucheka, mstari wa mwisho ulikuwa umenitoka. Kabisa. Nimelia — moshi wa kuni ukanisitiri.

Ijumaa, 1 Megabit

Wazo! Begena haifungiwi stoo. Kinubi cha Daudi, Kwaresima ndiyo msimu wake! Kina nyuzi kumi. Piano nayo ni nyuzi, zaidi ya mia mbili. Nikamwambia Mama Mkuu. Akanikodolea macho. Ujanja huo kamwambie Abba Gebre-Yesus, yeye ndiye baba yako wa toba.

Jumapili, 3 Megabit

Abba amekuja baada ya misa. Akaniuliza mbele ya masista wote: binti yangu, madude haya ya Ulaya mimi siyajui, wewe unayajua. Ni uzi unaoguswa, au kuna kitu kinagonga?

Nyuzi, Abba.

Hakuna kinachogonga?

Nyuzi tu.

Akaridhika. Akanipa msalaba niubusu, nami nikaubusu! Ufunguo ninao. Nyundo themanini na nane zimo mle ndani ya piano, ndizo zinazogonga nyuzi, nimezipangusa vumbi kwa mikono hii hii. Nimemdanganya baba yangu wa toba.

Jumanne, 5 Megabit

Tangu jana napiga. Mstari umerudi, tena mzuri kuliko ule wa kwanza. Hilo ndilo linaloniumiza.

Sasa hivi Abba yuko hapa! Amepanda mlima kwa miguu, begena begani, anacheka kama bwana arusi. Tutapiga pamoja arobaini ya Yilma, anasema. Lakini kwanza nifungulie piano, binti yangu, nizione hizo nyuzi, ndugu za begena yangu. Nikasema bisibisi sina. Tsehaynesh — mwepesi wa msaada huyu! — kakimbilia stoo. Abba amekaa kwenye kiti changu, anangoja. Anadhani naandika noti. Mama Mkuu amesimama mlangoni, mikono kaikunja.

Naweza kusema sasa. Neno moja tu. Nikilisema, mama atapanda mlima huu wote aje kusikia nini?

Tsehaynesh amerudi, anahema. Ameleta mbili. Ipi, dada, kubwa au ndogo?

Skrubu za piano ni kubwa. Nimemwambia ndogo —