Natoka Sokoni

Mamangu Dama,

Shikamoo. Goti laonaje huko Kaloleni? Natumai baridi ya mvua imelihurumia, na kuku wako wameacha kutaga kwa jirani. Mimi mwili ni mzima. Tsofa ndugu yangu, msomee mama barua yote, usiruke hata pale dadako anapoaibika. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti ya mama huishia kuulizia mbuzi.

Duka la Biashara Street laenda vyema. Nilianza kwa kutembeza kanga begani, leo nina mlango wangu mwenyewe, na hakuna aliyenishika mkono. Ila wateja wa Mji wa Kale hawachoki kuniuliza natoka wapi, na nikitaja Kaloleni tu, waniona wa shamba, wataka bei ishuke. Nikajifunza kujibu kuwa natoka nyumbani, kwani nimechelewa? Hucheka, yakapita.

Jioni nasoma Kiingereza kwa Mwalimu Jael, niwauzie watalii. Juzi alitufunza neno lao, come from. Aliponiuliza, nilijibu kwa kujivuna kwamba I come from Marikiti, maana nilikuwa nimetoka soko hilo kununua ndizi. Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akaeleza kuwa ukiulizwa hivyo waulizwa asili yako. Ukitaka kutaja ulikokuwa sasa hivi, waseme I am coming from. Kutoka kwetu sisi, akasema, kwabeba yote mawili, anayejibu hujichagulia. Wenzangu wakaandika. Kalamu yangu ilikwama, mama, kwa sababu nilikuona tena mlangoni Jumamosi ile.

Ulikuja na mihogo yangu ya shambani. Bimdogo, mamake Sufyan, yule anayetaka kunioa, alikuwa amekalia kiti cha duka, kiti pekee, amekuja kunitazama kabla hawajaleta posa. Akakuuliza kwa adabu watoka wapi. Ulinitazama kwanza. Ukauona uso wangu. Ndipo ukajibu kuwa watoka sokoni, ukatua kikapu, ukaenda zako na goti lako. Wewe hukusema uongo, gari lilikushusha Marikiti. Uongo ulikuwa wangu. Ulipopotea tu njiani, nilimwambia Bimdogo kwamba wewe ndiye huniuzia mihogo.

Jana nilimwendea kwake. Nikamwambia yule mama hakutoka sokoni, mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake, na kwetu ni Kaloleni. Nilijua posa imekufia hapo. Bimdogo hata hakuuliza Kaloleni iko wapi. Aliuliza jambo moja: ikiwa ni mamangu, mbona nilimwacha amesimama?

Posa hakuitaja, nami sikuuliza.

Ukinisamehe, mama, njoo Jumamosi hii. Nimenunua kiti cha pili, na hajakikalia mtu.

Nisalimie mjomba Dzoro na jirani mwenye mayai yetu.

Ni mimi nitokaye kwako,
Kache