Mchezaji Wako Kaacha Mpira

Baba,

Kila ninapomaliza kusali nakuombea rehema, na leo baada ya dua nimebaki nimekaa, kwa sababu nna habari ya kukupa na sina mwengine wa kumpa. Mchezaji wako kaacha mpira.

Nilimuona juzi kwenye stesheni ile ya Wajerumani, tumekaa mie na Mama hapa hapa sebuleni kwetu Bawshar, Maskati. Walimfanyia mechi ya kumuaga kwenye mji wake, mji ule wa viwanda wa Ujerumani Mashariki ulikosomea uhandisi ulipokuwa kijana. Uwanja mdogo, watu wamejifunika makoti. Alicheza kipindi cha kwanza tu. Lile goti bado linamtesa, ukimtizama unaona mguu anauvuta. Alipotolewa, timu zote mbili zilisimama zikampigia makofi, akapita katikati yao anajifuta uso kwa jezi. Mtangazaji alisema maneno mengi kwa sauti ya upole, na mie nikageuka kukuuliza kasema nini. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike, Baba, na bado nageuka.

Siku dishi la televisheni lilipofungwa kwetu, Mama alitaka stesheni za Misri. Wewe ulimpandisha mwanao Khamis juu ya dari akalizungusha mpaka Kijerumani kikasikika, na bahati yako ukakuta wasichana wanacheza mpira. Khamis akacheka. Mtangazaji akautaja mji ule, nawe ukainuka kwenye kiti. "Huyu mtoto wa mtaani kwetu," ulisema, utadhani ulizaliwa huko, si Unguja. Alikuwa mdogo kuliko wenzake wote, nywele kazikata fupi, na alicheza kiungo, namba uliyoicheza wewe kwenye timu ya wanafunzi. Ukatuambia tusiutizame mpira, tumtizame yeye kabla mpira haujamfika. "Keshajua ataupeleka wapi," ulisema. Mie nilikuwa bado skuli, na kweli niliona: aligeuza kichwa mara moja tu, na mpira ulipofika haukukaa mguuni.

Basi akawa wetu. Alipohamia klabu kubwa ya upande wa Magharibi ulinuna, halafu mwenyewe ukamtetea, ukasema viwanda vya mji wake vimefungwa, abaki ale nini. Alipochukuliwa timu ya taifa ulikwenda sokoni Matrah ukarudi na halwa, ukawagaia majirani, na wao wakadhani Khamis kaposa. Mama alikuwa akisema, "Huyo binti yako wa Kijerumani ndiye unayempenda kuliko hawa." Ukicheka tu, hukatai.

Halafu kano ya goti ikamkatika. Tulimuona amelala kwenye majani, kashika uso, goti hakuligusa. Ulizima televisheni. Ulisema kiungo akiumia goti, hata macho yake huumia, maana huanza kuutizama mguu wa adui badala ya kuutizama uwanja. Alikaa nje muda mrefu. Aliporudi alikuwa mzito, wanamuingiza mwishoni mwishoni, na wewe ulingojea mechi nzima kwa ajili ya zile dakika chache.

Ndani ya msimu huo ukaanguka wewe.

Daktari alituambia ni damu kwenye ubongo, tusubiri, huenda maneno yakarudi. Yakarudi kweli. Mama alikuja mbio barazani kuniita, "Baba yako kasema!" Nikaingia nikakuta unasema Kijerumani. Kiswahili hakimo, Kiarabu hakimo. Tulidhani ni kwa siku hiyo tu. Daktari akasema mambo haya huwatokea baadhi ya watu, lugha moja ikabaki na nyengine zikaondoka, na yeye hana dawa yake.

Sisi wanao hatukujua neno. Nilipokuwa mdogo nilikuomba unifundishe, ukanijibu kwa mapenzi tu, "Kijerumani utakifanyia nini Maskati?" Na ulikuwa na haki, nani angejua. Sasa ikawa unaomba kitu, na Mama, mkeo wa ujanani, amesimama na gilasi ya maji mkononi, hajui kama unataka maji, au unataka feni, au unaumwa. Khamis alinunua kamusi akawa anaipekua pembeni ya kitanda, lakini akipata neno moja wewe ushasema kumi. Mwanzo ulikuwa ukighadhibika. Halafu ukaacha kughadhibika, na hilo Baba lilitushinda zaidi.

Mechi tu ndizo zilizokurudisha. Ulikuwa ukimjibu mtangazaji, unabishana naye, uso wako unakuwa ule ule wa zamani. Nasi tumekaa ubavuni kwako kama wageni waliokuja kukutizama.

Kisha ikaja ile fainali ya Kombe la Dunia. Mchezaji wako alikuwa benchi. Mpira ukenda mpaka dakika za nyongeza na hakuitwa. Wenzake waliposhinda, wakakimbilia uwanjani wamekumbatiana, kamera ikampitia yeye amesimama pembeni, mikono kaitia ndani ya jaketi, anacheka na huku hacheki. Ukamnyooshea kidole ukasema maneno matatu manne, taratibu. Ukayarudia. Machozi yakikutoka. Mama akasema unafurahi. Khamis akasema hapana, unaumwa, tuite gari. Mie nilikushika mkono na sikujua ninashika furaha au maumivu.

Maneno yale yale ndiyo uliyoniambia siku zako za mwisho. Ulinishika kifundo cha mkono, ukanitizama machoni, ukayasema, ukangoja. Ulikuwa unangoja jibu, Baba. Nikasema "naam." Ukayasema tena.

Baada ya matanga nilikwenda kwa mwalimu mmoja Mjerumani, pale chuoni Khoudh ninapofanya kazi, nikamwambia nna maneno nataka anifahamishe. Nikayatamka. Akainamisha kichwa, akaniomba nirudie. Akajaribu hili na lile, kila analolijaribu silo. Akasema huenda ni lahaja ya watu wa kule, huenda mimi nimeyasikia vibaya. Kila nikirudia yalizidi kubadilika mdomoni mwangu, mpaka nikamshukuru, nikaondoka. Nilikaa ndani ya gari sikuweza kuliondoa. Sasa sijui hata kama nilichobakiwa nacho ni sauti yako au ni kitu nilichokitunga.

Mama hajambo, ila kaanza kusahau sahau. Jana kamwita Khamis kwa jina la mjomba aliyebaki Unguja. Kwa hivyo nimeanza kumuuliza mambo. Nilimuuliza ulimposa vipi, akaziba uso kwa mtandio kama msichana, akanihadithia mpaka chai ikapoa. Nakuahidi ntamuuliza kila siku, na ntamsikiliza, maadamu bado ananijibu kwa lugha ninayoijua.

Mungu akupe mapumziko, Baba. Kama maneno yale yalikuwa ombi, nimeshindwa kukupa. Na kama yalikuwa kwaheri, basi pokea jibu lako leo: kwaheri, Baba.

Mwanao,
Salha