Bado Tunaikumbuka Alama ya Sikio

Bweni la Wasichana,
Chumba cha juu, kando ya ngazi.
Jumapili jioni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi sasa kinakuachia nafasi ya kulala. Umeshazoea huko kwa Mama Mdogo? Anakulisha au anakuhubiria? Mimi sijambo, ila magoti yananiuma na nimechoka, Mjomba, uchovu ambao hata usingizi hauuondoi.

Mama kanionya nisikuandikie habari za mpira wa kikapu. Anasema tangu chuo kikuondoe kwenye ukocha katikati ya msimu, ukisikia tu neno "kocha" unatoka nje kwenda kumwagilia maua. Na simu zetu hupokei. Sasa barua huwezi kuikata kama simu, labda uichane. Tafadhali usiichane.

Ulituacha mkiani mwa ligi. Sikulaumu, nusu yetu tulikuwa majeruhi, na nusu nyingine tulicheza kama tumelazimishwa. Chuo kilitafuta mtu wa kumtupia lawama, na aliyekuwa amesimama karibu ni wewe. Nilikasirika hata nikataka kuvua jezi. Mama akasema nikiivua, ndipo utakapojiona umeshindwa kweli. Nikabaki.

Kocha mpya ni kijana mpole, haachani na ubao wake mdogo wa kuchorea mbinu. Tulimpa jina la Ubao siku ileile aliyofika. Anachora mishale na miduara, nasi tunatikisa vichwa na hatujaelewa kitu. Mazoezi asubuhi, mazoezi jioni, na Jumamosi tunafungwa. Tulikiona cha mtema kuni.

Halafu kuna jambo hili. Ubao akiingiwa na wasiwasi, anavuta sikio. Nawe unajua sikio kwetu ni nini. Miaka yote uliyotufundisha, ukishika sikio, sote watano tunapanda kukaba uwanja mzima. Basi mechi yake ya kwanza, kavuta sikio, nasi haooo! Kikapu chetu tukakiacha wazi kama nyumba ya waliohama. Wapinzani wakawa wanafunga wanavyotaka, na yeye anapiga kelele, "Mnakwenda wapi nyie?" na sikio bado kalishika!

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Twiga, yule mrefu wetu, akamwambia, "Si umeshika sikio, kocha?" Ikabidi tumweleze. Kuanzia siku ile akawa anakaa benchi mikono mfukoni, na sisi tukaendelea kufungwa kistaarabu.

Jana ilikuwa mechi ya mwisho. Atakayefungwa anashuka daraja, na mimi ndiye kapteni, tena mwaka wangu wa mwisho. Dakika zikawa zinayoyoma, tuko nyuma, miguu imekufa, na moyoni nilishakata tamaa. Ubao akaomba muda. Akautazama ubao wake, akausukuma chini ya kiti. Mchezo ulipoanza tena akasimama, akatoa mkono mfukoni, akashika sikio.

Mjomba, tulipanda kama wendawazimu. Nikapora mpira, Twiga akafunga. Wakaurudisha mchezoni, nikaupora tena, nikafunga mwenyewe. Tulishinda kwa pointi moja. Hatukuruka wala hatukuimba. Tulikaa sakafuni palepale, wengine wakalia kwa uchovu. Mimi nililia kwa sababu hukuwepo.

Ubao akaja kuchuchumaa pembeni yangu. "Mjomba wako alikuwa na alama ngapi za namna hii?" Nikamwambia ni nyingi, na ile ya goti uliondoka hujamaliza kutufundisha. "Basi niombee nizungumze naye," akasema. "Peke yangu siwezi." Nikamjibu kwamba hupokei simu.

Mama na Baba wanakusalimu sana, na Twiga pia, anayesema mwavuli uliousahau uwanjani bado anautunza. Nisalimie Mama Mdogo na wale mapacha wake. Mungu akupe afya, akupunguzie uchungu, akurudishe kwetu ukiwa unacheka.

Namba yako nimempa Ubao. Atapiga Jumatano jioni. Siku hiyo maua yamwagilie mapema.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukukumbuka,

Kapteni