Kwa Nini Walimchagua Apollinarie

Uvira, Rugenge, tarehe 7 Machi 1999

Mwanangu Fanny,

Nakusalimu wewe, mume wako na watoto. Natumaini kikohozi cha mdogo kimepoa na Kigoma imewapokea vizuri. Sisi huku tuko wazima, ikiwa uzima ni kupumua tu. Mama yako anakusalimu, mgongo unamsumbua kidogo. Barua hii anakuletea Anne, yule muuza mawese.

Nina kinyaa, mwanangu, na nisipokuambia weye nitamwambia nani? Unamkumbuka Gratien, shefu wa avenyu yetu, aliyekuwa akiuongoza mtaa huu. Wale askari walioshika mji walimwita wakamuuliza vijana wamekimbilia wapi. Akasema hajui. Tulimzika Jumatano. Ijumaa wakatuma neno kwamba wanataka shefu mwingine kabla ya Jumapili.

Basi wanaume tukakaa barazani. Unawajua wanaume wa hapa. Mwanamke akitaka kusema anapiga magoti pembeni, na akisema sana anaambiwa kuwika ni kazi ya jogoo. Siku hiyo majogoo wote walikuwa wagonjwa. Huyu presha, yule mguu, mwingine mkwe wake anamngoja Bujumbura. Ndipo akasimama Clovis fundi cherehani, yule aliyemkataza mke wake kuuza sokoni eti anamvunjia heshima. Akasema, "Dunia imegeuka. Wamama nao wako na haki. Tumuweke Mama Fanny, ule ni muntu wa huruma." Wakapiga makofi. Apollinarie mama yako, ambaye miaka yote alikalia mkeka, wakamletea kiti na mto juu yake.

Haki za wanawake zimefika Rugenge siku kiti kilipoanza kuua. Hilo ndilo linalonitapisha. Na siasa ya inchi hii yote ni hiyo hiyo: kiti chenye nyama wakubwa wanakigombania, chenye mwiba wanamsukumia asiye na wa kumtetea.

Mama yako alifunga kashe, ule muhuri wa avenyu, ndani ya kitenge, akarudi kupika. Alinipakulia firigisi ya kuku kama kawaida, kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba. Nikaila.

Baba yako

*

Kigoma, tarehe 2 Aprili 1999

Baba yangu,

Nakuamkia kwa heshima. Mtoto amepona, nasi tunakula na kulala. Mgongo wa Mama unaendeleaje?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza ya Clovis, ya mto na ya firigisi. Hukunieleza mkono wako ulikuwa wapi wakati wa kuchagua. Wewe peke yako ndiye uliyeweza kusema, hapana, huyu ni mke wangu, na wote wangenyamaza. Ulisema? Baba, mtoe Mama pale. Chukua kile kiti wewe, au mpandishe boti aje kwangu. Watamuua kama Gratien.

Binti yako

*

Uvira, tarehe 25 Aprili 1999

Fanny mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Miili yetu haijambo. Moyo wangu usiuulize.

Mkono wangu uliinuka. Haukuwa wa kwanza na haukuwa wa mwisho. Nilijiambia kwamba mwanamke hawatamgusa. Wote tulijiambia hivyo, na hakuna aliyemuuliza mwanamke hata mmoja kama ni kweli. Tangu siku hiyo najinusa mwenyewe kama visamaki vya ndagala vilivyonyeshewa.

Nilimwomba anipe kashe. Akacheka. "Ulinipa kwa woga, leo unaitaka kwa haya. Acha nitumike." Na anatumika kweli, kazi ya kiti anaifanya. Amekwenda kwa komanda wa wale askari mara mbili, akarudi na vijana wawili wa watu waliokamatwa, wazima. Wageni wakifika mlangoni wananipita mimi na kumuuliza yeye. Maji sasa nachota mwenyewe, na wanaume waliomtupa kule wananicheka mimi. Ni watu wa kutemea mate, nami nimo.

Jana komanda ametaka majina kumi ya wanaume wa kubeba masanduku ya risasi hadi milimani. Waliobebeshwa mwezi uliopita, nusu hawajarudi. Mama yako aliniita niandike, kwa sababu mwandiko wangu ni wa mwalimu. Nikauliza jina la kwanza. Akasema, "Donatien." Nikaweka kalamu chini.

"Mama Fanny, miye ni bwana wako."

"Nikianza na bwana wa mwingine, nani atanisikia tena? Andika."

Nimeandika. La pili ni Clovis. Tunaondoka Jumatatu. Utuombee.

Baba yako

*

Bujumbura, Buyenzi, tarehe 6 Mei 1999

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Afya yangu ni nzuri, nalala kwa rafiki. Usishtuke kuona anwani.

Jumatatu asubuhi nilimwambia mama yako naenda kununua sabuni ya safari. Nilifika Kavimvira, pale mpakani, nikawakuta wachuuzi wanavuka, nikavuka nao. Mimi ni mtu wa miaka sitini na mbili, Fanny. Nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini, leo wanibebeshe risasi za kuulia watoto walewale? Uchafu huo siwezi kuushika. Nadhani mama yako amelielewa hilo, ingawa nimemtumia neno na hajajibu. Jina moja halikosi wa kulijaza.

Nataka kuja kwako. Mwambie mume wako anitafutie pembe ya kulala.

Baba yako

*

Kigoma, tarehe 11 Juni 1999

Baba,

Nakusalimu. Watoto ni wazima. Anne amefika jana, na yote nimeyasikia kwake.

Jumatatu ile walihesabiwa tisa. Komanda akamwambia Mama aonyeshe mwingine, na wanaume walikuwepo, wamesimama kwenye milango yao wakimtazama. Hakuonyesha mtu. Alijifunga kitenge akainua sanduku lako.

Walikaa huko siku kumi na mbili. Clovis alijaribu kumpokea mzigo, wakampiga mpaka akauacha. Mama amerudi. Bega la kushoto limeharibika. Mengine yaliyompata milimani Anne hakutaka kuyasema, nami sikuwa na nguvu ya kumuuliza. Bado yeye ndiye shefu. Wanaume walikwenda kumwambia apumzike, sasa wamepata mtu. Amekataa.

Mama amekutumia neno. Anasema urudi nyumbani, na hakuna atakayekusema, amewakataza wote. Hilo ni lake, nami nimelifikisha.

Kwangu usije. Nimemwambia mume wangu kwamba sina baba wa kumpokea. Akaniuliza kama umekufa, nikampa barua yako ya Bujumbura asome.

Fanny, mtoto wa Apollinarie