Mudiria wa Muto Ntahangwa

Mama yangu mupenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje kwenye jua ya asubuyi, na goti imepunguza maumivu. Dada Neema alijifungua salama? Sisi huku Bujumbura tuko, Mungu anatuchunga. Hapa Cibitoke ni kelele ya mafundi kutwa nzima, lakini cherehani yangu inatembea, na mukwe wako Amani angali anapiga foto za arusi.

Unajua vile alikuwa. Tangu maji ilichukua nyumba yetu kule Gatumba, alikuwa hataki tena kusogelea muto. Mvua ikianza tu, anaacha chakula, anasimama kwa mulango. Kwa daraja alikuwa anapita haraka, macho kwa barabara.

Basi, siku moja tulikuwa tunatoka arusi Mutanga Sud. Pale kwa daraja ya Ntahangwa tukaona ndege imesimama hewani. Mama, imesimama kabisa: mabawa inapiga mbio, mwili haiendi mbele wala nyuma, mudomo murefu unaelekea chini. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, madoadoa kama kanga. Mara ikaanguka kama jiwe, ikatoka na samaki. Mwanamuke mumoja aliyekuwa anafua nguo kule chini akatuambia ni mudiria, na watoto wake wako ndani ya tundu kwenye ukingo.

Kesho yake Amani akarudi pale na aparei yake ya foto. Foto zote zikatoka maji matupu, ndege imeshakwenda. Akarudi tena, na tena. Alikuwa anapiga kutoka juu ya daraja, mpaka siku moja akaniomba nimusindikize chini. Alinishika bega mpaka tukafika chini.

Jumapili iliyopita, kisha misa, tukakuta watoto wa mudiria wametoka inje. Muzazi wao alikuwa ameshika samaki mudomoni, anawaonyesha tu, hawapi. Mutoto mumoja akajitupa majini, akatoka bure. Amani akasogea, akasogea. Kuangalia hivi, maji imemufika kwa magoti, na viatu vyake vya kuendea arusi miguuni.

Nikamuambia polepole, "Amani, uko ndani ya maji."

Akanijibu bila kugeuka, "Najua. Nyamaza, atajitupa tena."

Nikakaa juu ya jiwe, machozi inanitoka na mi nacheka. Yule mutoto akajitupa, akatoka na kasamaki kadogo kama kidole.

Foto ndiyo hii. Umuonyeshe baba mudogo, fundi wetu wa mbao, na shangazi wa soko ya dagaa, na umubusie Neema katoto kake kachanga. Wakiuliza kwa nini maji iko na mawimbi kwa pembe ya foto, waambie ni miguu ya mukwe wako.

Ni mi, mutoto wako,
Riziki