Tarakimu ya Mwisho kwenye Senti ya Bibi

Jumamosi, Nguvumali. Jua limewaka tangu asubuhi na mimi nimewaka nalo.

Nimeisoma!

Ngoja nianze mwanzo. Bibi yangu ana senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati. Baba yake alimfungia shingoni alipozaliwa, na bibi anasema ilikuwa mpya, ya mwaka uleule. Ndio ushahidi pekee wa umri wake, nao umesagika: 194, kisha kitu ambacho ni tatu au tano.

Jambo dogo? Si hapa kwetu. Jirani yetu, Bi Mwanaidi, alizaliwa 1944. Baba yake aliandika ndani ya jalada la msahafu. Ikiwa tatu, bibi ndiye mkubwa. Ikiwa tano, bibi ndiye wa kuamkia, na hajaamkia maisha yake yote. Kila asubuhi wakikutana uani, kila mmoja humngoja mwenzake aanze, wakaishia kukohoa.

Simu yangu haioni vitu vya karibu, basi nikatoa kamera yangu ndogo ya mtumba, ile ya kubonyeza tu. Picha ya kwanza ilikuwa weupe mtupu, flashi imemeza kila kitu. Ya pili ukungu. Betri zikaisha, nikakimbilia dukani. Kurudi, namkuta bibi anaisugua senti kwa ndimu na majivu!

"Kitu kipigwe picha na uchafu wake?" akaniuliza. "Si aibu hiyo, mjukuu wangu?"

Nilitaka kulia. Ule weusi uliojikusanya kwenye mikwaruzo ndio uliokuwa ukionyesha maandishi. Sasa senti inameta kama sufuria mpya na namba haionekani kabisa. Nakiri, nilimkaripia bibi yangu mzazi, na mpaka sasa naona haya.

Nikajituliza. Nikazima flashi, nikabonyeza alama ya ua, ile ya picha za karibu. Nikatandaza buibui la bibi jeusi mezani, senti nikaiegemeza kwenye kisahani, kamera juu ya kopo la chumvi. Kisha tukangoja alasiri, jua liingie dirishani kwa ubavu. Nikaitegea kamera ipige yenyewe, maana mkono wangu siuamini.

Nikaikuza picha kwenye kioo cha kamera. Kila mkwaruzo ulikuwa na kivuli chake. Na pale juu, kushoto mwa namba ya mwisho, kijiti kimesimama wima.

Tano.

Nilipiga kelele za furaha, nikaruka, halafu nikakumbuka maana yake. Bibi alikitazama kile kioo kidogo muda mrefu. Mbishi yule, leo hakubisha. Alijitupia kanga, akatoka, mimi nyuma yake na kamera mkononi.

Bi Mwanaidi alikuwa kibarazani kwake akichambua mchicha.

"Shikamoo, dada," bibi akamwambia.

Mchicha ukamponyoka mkononi. Macho yakamjaa maji.

"Sikio hili bovu," akasema. "Hebu rudia."

Bibi akarudia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Kesho nitawahi kuamka. Nataka kusikia kama bibi ataisema shikamoo bila kuombwa.